KIFAA CHA KAMBA SI HIRIZI

Mwaka 1991 kampuni ya Petzl ya Ufaransa, ambayo mwanzilishi wake, Fernand Petzl, alikuwa fundi na mpelelezi wa mapango, ilitoa kifaa kidogo cha kushikia kamba za wapanda majabali. Kifaa hicho chaenea kiganjani, na kilipewa jina la Grigri. Asili ya jina hili haipo katika milima ya Ulaya. Grigri, katika nchi za Afrika ya Magharibi, ni hirizi: kitu avaacho mtu mwilini ili kimkinge na shari. Yamkini waliolichagua walitaka mzaha kidogo, tena jina jepesi ulimini. Walakini mimi naona kwamba ndani ya mzaha huo limejificha kosa la fikra ambalo limewagharimu watu viungo na hata maisha, na kwamba mtu anayefaa kulisahihisha ni mwalimu wa fizikia.

Hirizi, kwa wale waiaminio, hufanya kazi yake hata mvaaji akiwa amelala. Haimdai kitu. Kifaa cha kamba hudai: kinadai unene fulani wa kamba, upande fulani wa mvuto, nafasi ya kujizungusha, na mara nyingi kinadai mkono wa binadamu. Apandaye jabali peke yake, bila mwenzake wa kumshikia kamba, huwa ameondoa baadhi ya mambo hayo kwa hiari yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, wanapobishana watu juu ya kifaa kipi kinashinda kingine, swali la kwanza halina budi kuwa hili: kila kimoja kinahitaji nini ili kishike, na kikikosa hicho kinashindwaje?

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe, maana si wasomaji wote waliokwisha kuiona. Mpanda majabali hufunga ncha ya kamba katika mkanda wake wa kiunoni na mapajani. Kadiri apandavyo, huipitisha kamba hiyo katika karabina, yaani pete za chuma zenye mlango wa springi, alizozitundika kwenye bolti au kwenye vyuma alivyovipachika katika nyufa za mwamba. Chini husimama mshika kamba, ambaye humpa mwenzake kamba kidogo kidogo, na ambaye kazi yake kubwa ni kuizuia isiende mwenzake anapoanguka. Tuseme mpandaji ana tungamo ya kilo 70, naye yumo mita 2 juu ya karabina yake ya mwisho. Akiteleza ataanguka mita 4 kabla kamba haijaanza kukaza. Muda wa kuanguka huko ni sekunde 0.9 tu, na mwishoni mwendo wake utakuwa karibu mita 9 kwa sekunde, zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Nishati yake itakuwa jouli 2,744, na nishati hiyo haina budi kwenda mahali fulani: katika kunyumbuka kwa kamba ya nailoni, katika msuguano, na sehemu yake katika mwili wa mshika kamba anayevutwa juu.

Shirika la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, hujaribu kamba kwa kuangusha chuma cha kilo 80, na kamba moja haikubaliwi ikiwa katika anguko la kwanza itapeleka kani ipitayo kilonyutoni 12. Hiyo ni sawa na uzito wa tani moja na robo hivi. Hakuna kiganja cha mtu kiwezacho kushika kani ya namna hiyo, wala nusu yake, wala robo yake. Basi mshika kamba aliwezaje kumshika mwenzake siku zote hizo kabla ya mwaka 1991?

Jibu lake mabaharia wetu wa pwani walikuwa nalo kabla ya vitabu. Jahazi linapofunga gatini, baharia haivuti kamba kwa ubavu. Huizungusha mara mbili tatu katika nguzo, kisha huishika ncha yake kwa mkono mmoja huku akizungumza na watu wa bandarini. Leonhard Euler katika karne ya 18, na baada yake Mjerumani Johann Albert Eytelwein, waliandika kanuni ya jambo hilo. Kani kubwa iliyo upande wa jahazi ni sawa na kani ndogo iliyo upande wa mkono, mara e iliyopandishwa kwa kipeo mθ. Hapa e ni namba 2.718, m ni namba ionyeshayo ukali wa msuguano kati ya kamba na nguzo, na θ ni pembe yote ambayo kamba imezunguka, ikipimwa kwa radiani. Tukichukua m kuwa 0.25, mzunguko mmoja huzidisha kani ya mkono mara 4.8, mizunguko miwili mara 23, mitatu mara 111. Kipenyo cha nguzo hakimo katika kanuni. Wanafunzi wengi husitasita kuliamini jambo hili la mwisho, na ni vema wasite, kwani ndipo watakapotaka kulijaribu.

Vifaa vya zamani vya kushikia kamba, vile vyenye umbo la mrija au la namba nane, ni nguzo ya gatini iliyofanywa ndogo na kuning'inizwa kiunoni. Kamba hukunjwa mara kadhaa, na mkono hufanya sehemu iliyosalia. Grigri iliongeza kitu kingine. Ndani yake kamba huzunguka kipande cha chuma kisicho duara kamili, ndugu wa zile kemu zilizomo katika kemshafti ya injini ya gari. Kamba ikipita taratibu, springi huizuia kemu mahali pake na kamba huteleza. Kamba ikivutwa kwa ghafla, msuguano huikokota kemu, nayo hugeuka katika mhimili wake na kuibana kamba juu ya ukuta wa kifaa. Kadiri mzigo unavyovuta ndivyo kemu inavyozidi kubana. Mzigo wenyewe umefanywa mtumishi wa breki. Huo ni ubunifu mzuri sana, na sina nia ya kuudharau.

Lakini tuirudie kanuni ya Euler na kuitazama kwa jicho la mwanahesabu. Kani kubwa ni kani ndogo mara namba fulani. Kani ndogo ikiwa sifuri, je? Mia na kumi na moja mara sifuri ni sifuri. Nguzo haishiki kamba ambayo hakuna aliyeishika. Katika Grigri mambo si makali kiasi hicho, kwa kuwa kemu inaweza kuanza kugeuka kwa mkwaruzo wa kamba peke yake. Lakini kule kuanza hutegemea kamba isiwe nyembamba mno, isiwe mpya yenye utelezi, isiwe na maji au barafu, tena isipite polepole. Mkono ukishika upande wa pili, hata kwa kani ndogo, shaka hiyo huondoka. Ndiyo sababu mtengenezaji mwenyewe husisitiza kwamba mkono wa breki usiiache kamba hata mara moja. Na ndiyo sababu wataalamu wa Ulaya walioandaa kiwango EN 15151-1 cha mwaka 2012 hawakuviita vifaa hivi vya otomatiki. Waliviita vifaa vya breki ambavyo kujifunga kwake husaidiwa na mkono. Jina hilo ni refu na halina utamu, lakini ni la kweli. Nilipokuwa masomoni Ulaya nililisikia neno otomatiki vinywani mwa wapandaji wengi, na kila mara niliona kwamba neno lilikuwa limetangulia kufika mahali ambapo chuma hakijafika.

Sasa tumwondoe mshika kamba. Kupanda peke yako kwa kujishikia kamba si jambo jipya. Mwaka 1955 Mwitalia Walter Bonatti alitumia siku 6 akipanda peke yake nguzo ya kusini-magharibi ya mlima Dru katika Alpi za Ufaransa, miaka 36 kabla ya Grigri. Siku hizi wako wanaofanya hivyo kwa kuigeuza Grigri, ingawa haikubuniwa kwa kazi hiyo. Mpandaji hufunga ncha ya kamba katika nanga iliyo chini, hukivaa kifaa mwenyewe kiunoni, na hupanda huku akiivuta kamba ipite ndani ya kifaa. Aangukapo, kifaa huanguka pamoja naye.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu, na ya kutisha pia. Kamba ya kupandia yenye kipenyo cha milimita 10 kasoro kidogo ina uzito wa gramu 60 na zaidi kwa kila mita. Mkono wa breki haupo. Kilichochukua nafasi yake ni uzito wa kamba inayoning'inia upande ule, mita 10 zikitoa kani ya nyutoni 6 hivi. Hiyo ndiyo kani ndogo ya Euler. Upande mwingine, ule uendao kwenye nanga, kamba nayo ina uzito wake. Akifika mita 20 juu, kilo moja na zaidi ya kamba inavuta kuelekea chini, polepole, bila kishindo, na kemu inayongoja kishindo haina sababu ya kugeuka. Kamba huweza kujipenyeza ndani ya kifaa sentimeta baada ya sentimeta, ikazaa ulegevu ambao mpandaji haujui. Siku akianguka, anguko la mita 4 limekuwa la mita 7. Wapandaji wazoefu huizuia kamba isirudi kwa kuifunga katika karabina njiani kwa uzi au mpira mdogo, na hufunga mafundo makubwa katika ule upande unaoning'inia, ili kifaa kikishindwa, fundo ligote. Fundo halijui otomatiki, wala halina springi.

Kisha kuna suala la mwili. Mshika kamba husimama wima. Mtu aangukaye huenda akapinduka kichwa chini, au akabanwa kifudifudi kwenye mwamba. Kemu iliyozuiwa isigeuke, ama kwa kushindiliwa na nguo, ama na jiwe, ama na kidole cha mwenyewe kilichokamata kifaa kwa hofu, si breki tena. Ni kapi.

Kampuni ya Wren Industries ya Marekani ililishughulikia tatizo hili kwa njia nyingine kabisa katika kifaa chao kilichoitwa Silent Partner, yaani mwenzi mkimya. Kamba ilifungwa kwa fundo katika kigurudumu kilichozunguka kwa uhuru mpandaji alipopanda. Kigurudumu kilipozunguka kwa kasi, vipande vya ndani vilirushwa nje kutoka katikati na kukifunga, na fundo lilijikaza juu yake. Msomaji aliyewahi kuketi kiti cha mbele cha gari anayajua haya: mkanda wa usalama ukiuvuta taratibu hukufuata, ukiuvuta kwa ghafla hugoma. Kwa maoni yangu hicho kilikuwa kifaa chenye fikra safi kuliko vyote vilivyopata kuuzwa kwa kazi ya mpandaji wa peke yake, kwa sababu hakikutegemea mwili umeelekea wapi wala mkono uko wapi. Hata hivyo nacho kilikuwa na dai lake, nalo ni kasi. Anayeteleza polepole juu ya mwamba wenye mteremko mdogo hakizindui kigurudumu. Na hakitengenezwi tena. Soko la watu wapandao peke yao ni dogo, na fikra safi hazilipi mishahara.

Wengi wapandao peke yao leo hawafanyi kama Bonatti. Hufika juu kwanza kwa njia nyingine, hufunga kamba huko, huiteremsha mwambani, kisha hupanda kando yake wakiwa na kifaa kinachoteleza kuelekea juu na kugoma kuelekea chini. Kapi dogo lenye meno, kama lile liitwalo Micro Traxion, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko Grigri: huifuata kamba bila kuvutwa, na kwa kuwa ulegevu ni mdogo, maanguko ni mafupi. Ubaya wake umo katika meno yale yale. Meno hushika kwa kuchoma. Anguko refu lililopokelewa na meno laweza kulichana ganda la kamba, na ndiyo maana Petzl katika maelezo yao ya kazi hii hutaka vifaa viwili, kisiwe kimoja. Ubaya wa pili huonekana pale tu mtu anapochoka. Kifaa chenye meno hakiwezi kuachiwa kikiwa kimebeba uzito. Mwenye nacho akining'inia hewani hawezi kushuka mpaka kwanza ajiinue. Kipandacho vyema hakishuki, na kishukacho vyema hupanda kwa kukokotwa. Sijaona bado kifaa kilichoupatanisha ugomvi huu kikamilifu.

Kuteremka, basi. Watu hukudharau kwa sababu kazi ngumu imekwisha, na taarifa za ajali ambazo chama cha American Alpine Club huzichapisha kila mwaka zinaonyesha malipo ya dharau hiyo. Katika Grigri kuna wenzo ambao ukivutwa huirudisha kemu nyuma na kuiachia kamba. Wanaojifunza hudhani wenzo ndio unaotawala mwendo. La hasha. Wenzo hufungua mlango tu. Mkono wa breki ndio unaopima kinachopita. Sasa fikiria mtu aliyeona mwenzake anashuka kwa kasi kuliko alivyotaka. Hofu humfanya abane alichokishika. Alichokishika ni wenzo, na kuubana ni kuongeza kasi. Mashine imejengwa kinyume cha maumbile ya mkono wenye hofu. Kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ililiona hilo katika kifaa chao kiitwacho Eddy, ambacho wenzo ukivutwa kupita kiasi hufunga badala ya kufungua, na Petzl wakaweka jambo kama hilo katika Grigri+ ya mwaka 2017. Mimi ningependa vifaa vyote vya shuleni na vya wanagenzi viwe na ulinzi huo. Wazoefu husema unawachelewesha. Wacha wacheleweshwe.

Hata hivyo, hakuna wenzo wala kemu iwezayo kushika kamba iliyokwisha. Kamba ya mita 60 iliyopita katika nanga iliyo mita 32 juu inahitaji mita 64 ili kumfikisha mtu chini. Ncha itapita katika kifaa naye akiwa bado mita 4 hewani, au chini ya hapo kidogo kwa kuwa kamba hunyumbuka. Hesabu hiyo ni ya darasa la nne. Watu wenye shahada wameikosa. Fundo katika ncha ya kamba huizuia isipite, na fundo halina bei.

Huenda msomaji akauliza: majabali ya Wafaransa na Wamarekani yanatuhusu nini? Kwanza, mwamba tunao. Kilele cha Batian katika Mlima Kenya, chenye mita 5,199, hakifikiki kwa miguu mitupu kama Kibo, sharti kamba. Hell's Gate karibu na Naivasha kuna kuta ambazo vijana huzipanda. Pili, na hili ni zito zaidi, watu wetu wanaofanya kazi peke yao juu ya kamba si wanamichezo. Ni mafundi wa minara ya simu, wapaka rangi wa maghorofa, waosha madirisha. Mtu akimpa fundi wa mnara kifaa na kumwambia, "Hiki kinajishika chenyewe," amempa hirizi. Akimwonyesha kemu inavyogeuka, na mambo matatu yanayoizuia isigeuke, amempa chombo.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Mitaala yetu hufundisha msuguano kwa gogo juu ya mbao iliyoinamishwa, na mara nyingi huishia hapo. Kamba juu ya nguzo haifundishwi, ilhali ndiyo itakayowafikia wanafunzi wengi katika kazi zao. Vifaa vinavyohitajika ni bomba la chuma laini lililolazwa kati ya meza mbili, uzi imara wa katani au wa nailoni, jiwe la kilo 1, na kopo la mchanga. Funga jiwe upande mmoja wa uzi, kopo upande wa pili, na uzi upite juu ya bomba. Hiyo ni nusu ya mzunguko. Punguza mchanga taratibu mpaka jiwe lianze kuteleza, kisha pima kopo pamoja na mchanga wake. Rudia kwa mzunguko mmoja na nusu, kisha kwa miwili na nusu. Ikiwa m ni 0.25, mtapata gramu 456 hivi, kisha 95, kisha 20. Namba zenu zitakuwa nyingine, kwa kuwa bomba lenu si langu. Chukueni logi asilia ya uwiano wa jiwe kwa kopo, mchore grafu yake dhidi ya pembe kwa radiani. Mstari utanyooka, na mteremko wake ndio m.

Kisha loweka uzi ule ule katika maji, au upake mafuta ya nazi, na upime tena. Na mwanafunzi atakayeuliza itakuwaje kopo likiondolewa kabisa, mwacheni aliondoe, ila wengine wasogeze miguu yao kwanza.